Viputo vya Hewa Ndani ya Maji, na Jinsi Vinavyolidanganya Jicho
Na Karani wa Junda

Juma hili nilikuwa nimekusudia kuandika habari za utunzaji wa minazi, lakini jambo lililotokea uani petu limenilazimu kuiweka minazi kando mpaka siku nyingine.

Sisi wakazi wa Junda, katika bara ya Kisauni, twajua maana ya kungoja maji. Mfereji hukauka siku tatu, nne, pengine juma zima. Kisha, aghalabu usiku wa manane, husikika mkoromo ndani ya mabomba, mfereji hupiga chafya mara mbili tatu, na maji huja kwa kishindo. Hapo kila mlango hufunguliwa, na mitungi hupangwa msitari kama askari wa gwaride.

Alfajiri moja maji yalikuja namna hiyo. Nilipotoka kwenda kazini nilimkuta bibi mmoja jirani yetu, ambaye mimi humwita Bi Mkubwa kwa kumheshimu, amesimama penye mpapai wake akimwaga maji ya mtungi wa tatu.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo utazame tulivyofanywa! Maji meupe kama tui la nazi. Leo dawa wameitia kwa karai. Mimi siwanyweshi wajukuu wangu sumu."

Nilitaka kumweleza, lakini gari lilikuwa lapiga honi barabarani, nami ni mtu wa kuandikwa jina mlangoni nikichelewa. Nilisema neno moja tu, "Hiyo ni hewa, Bi Mkubwa," nikaenda zangu. Naungama kwamba neno moja halikutosha. Yeye aliichukua ndoo akaenda kisimani, akateka maji maangavu kama kioo, akayaweka jikoni.

Siku ya nne mjukuu wake wa miaka mitano alishikwa na tumbo la kuhara. Tulimpeleka zahanati, akapewa maji ya chumvi na sukari, na kwa rehema za Mungu alipona. Tabibu alipouliza habari za maji, Bi Mkubwa alijibu kwa uchungu: "Nayatokosa, mwanangu! Sinywi wala simnyweshi mtoto maji mabichi. Nangoja mpaka niyaone mapovu kwa macho yangu mawili, ndipo naepua."

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwani viputo vya hewa vilimdanganya mama huyu mara mbili katika siku moja. Asubuhi vilimfanya amwage maji yaliyokuwa mazuri, na jioni vilimfanya ayaamini maji ambayo hayajachemka. Wala si yeye peke yake. Nimewauliza watu kadha wa kadha tangu siku ile, wakiwamo wenye vyeti vya shule, na wengi wao huepua sufuria wakati ule ule anaoepua yeye.

Basi tuanze na swali lenyewe: hewa yaingiaje ndani ya maji?

Maji tunayoyaona kuwa ni maji matupu yana hewa ndani yake wakati wote. Hewa hiyo imeyeyuka humo kama sukari inavyoyeyuka katika chai, nayo haionekani. Samaki huishi kwa hewa hiyo. Matamvua yake huichuja oksijeni kutoka majini. Kiasi chake si kikubwa, lakini chapimika. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 30, yaani joto la kawaida la maji yetu ya pwani, huweza kushika hewa mililita 16 hivi, kadiri ya vijiko vitatu vya chai. Maji yaliyo karibu kuwa barafu huweza kushika mililita 29. Waona basi kwamba maji baridi hubeba hewa nyingi, na maji ya moto hubeba kidogo. Sukari hufuata kanuni kinyume cha hiyo, kwani hupenda chai ya moto. Nami nadhani ndiyo sababu jambo hili huwatatiza watu.

Jambo la pili ni mgandamizo. Mwaka 1803 mtaalamu mmoja wa Manchester, Uingereza, jina lake William Henry, alionyesha kwamba kadiri hewa inavyokandamizwa juu ya maji, ndivyo maji yanavyoimeza zaidi. Ukiongeza nguvu mara mbili, hewa inayomezwa nayo huwa mara mbili. Kabla yake, mnamo 1767, Joseph Priestley alikuwa amekwisha kuyafanya maji ya soda kwa kuishika hewa iliyotoka katika mapipa ya kiwanda cha pombe kilichokuwa jirani naye mjini Leeds. Chupa ya soda tunayoinunua dukani ni somo lile lile. Ikiwa imefungwa, huoni kiputo hata kimoja. Ukikibandua kifuniko, nguvu iliyokuwa ikiikandamiza hewa yaondoka, na hewa yatoka mbio.

Sasa tazama mfereji wa Junda. Maji ya bara ya kaskazini ya Mombasa hutoka zaidi katika visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, nayo husukumwa kwa mashine. Maji mengine ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, kwa bomba lililokamilishwa mwaka 1957, kadiri ya kilomita 220, nayo hushuka yenyewe kwa mteremko. Ama yasukumwe, ama yateremke, maji ya ndani ya bomba huwa yamekandamizwa. Kila mita 10 za maji yaliyosimama wima huongeza nguvu sawa na ile ya hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Bomba lililokauka siku tano, kwa hakika si tupu; limejaa hewa. Maji yanaporudi huikimbiza hewa hiyo mbele yake, na ile isiyopata pa kutokea hukamatwa, hukandamizwa na kuchanganywa na maji. Kisha unaufungua mfereji wako. Nguvu yaondoka kwa mara moja, kama kifuniko cha soda, na hewa yatoka kwa viputo vidogo mno, maelfu na maelfu, vya kiasi cha ncha ya sindano au chini ya hapo.

Lakini mbona maji ni angavu na hewa haina rangi, na mchanganyiko wao ukawa mweupe? Chukua kipande cha kioo, ukitwange. Kioo ni kiangavu, ungawa wake ni mweupe. Sababu ni kwamba mwanga hugonga nyuso nyingi ndogo ndogo na kurudishwa huku na huku. Wimbi likipasuka mwambani huwa jeupe kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna aliyesema kwamba bahari imetiwa dawa. Klorini inayotiwa katika maji ili kuua vijidudu huyeyuka isionekane. Utaijua kwa harufu yake.

Hapa pana jaribio ambalo mtoto wa shule aweza kulifanya. Teka maji meupe katika bilauri safi ya kioo, uiweke juu ya meza, usiitikise. Tazama chini, si juu. Kama weupe ni wa hewa, maji yataanza kutakata chini kabisa, na mpaka wa weupe utapanda polepole kama pazia linaloinuliwa, kwa maana viputo hupanda. Kwa muda wa nusu dakika hadi dakika mbili bilauri yote itakuwa angavu. Kama ni tope au mchanga, mambo hugeuka: maji hutakata juu kwanza, na uchafu huketi chini. Na kama hayabadiliki kabisa baada ya robo saa, au yana harufu mbaya, au yana povu linalokaa juu kama la sabuni, hapo usiyanywe. Nenda ukatoe habari panapohusika.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya kuondoa hewa ni subira. Uache mtungi wazi, umefunikwa kwa kitambaa safi tu. Chombo kipana hutoa hewa upesi kuliko mtungi wa shingo nyembamba, kwani safari ya kiputo mpaka juu huwa fupi. Ukikoroga taratibu kwa mwiko safi utaviunganisha vile vidogo viwe vikubwa, na kiputo kikubwa hupanda kwa kasi. Vile vinavyoganda ubavuni mwa bilauri hukaa penye mikwaruzo na vumbi lisiloonekana. Gonga bilauri kwa ukucha, vitaachia. Lakini ujue kwamba hewa hii haimdhuru mtu, wala hakuna haja ya kuiondoa ila kwa kuridhisha jicho.

Kabla sijafika jikoni nitasema neno juu ya mita, kwa kuwa najua wasomaji wengi watanilaumu nikilipita. Je, ni kweli kwamba mita ya maji huhesabu hewa? Ni kweli. Mita nyingi za majumbani zina kigurudumu ndani yake. Kinachopita kikikisukuma, kigurudumu huzunguka, na tarakimu husonga. Kigurudumu hakijui kama kimesukumwa na maji au na upepo. Bomba likiwa kavu, na wewe umeuacha mfereji wazi usiku kucha ili usikie maji yakija, pumzi ya bomba zima yaweza kupita katika mita yako. Basi maji yakikatika, funga mfereji. Yakirudi, ngoja kidogo ufungue taratibu. Katika mabomba makubwa dawa yake ni vali ya hewa, chombo kinachowekwa mahali palipoinuka. Ndani yake mna mpira unaoelea: hewa ikijikusanya, mpira hushuka na tundu hufunguka, maji yakifika, mpira huinuka na kuliziba tundu. Ni kazi ya wenye mabomba kuziweka na kuzitunza vali hizo, nasi twayo haki ya kuzidai. Hata hivyo, ndugu zangu, si kila shilingi iliyomo katika hati ya malipo ni ya hewa. Mimi mwenyewe nilipata kuinung'unikia hewa miezi miwili, kumbe tangi la choo lilikuwa likivuja usiku na mchana.

Turudi kwa Bi Mkubwa na sufuria yake.

Mtu akiweka maji baridi juu ya jiko la makaa na kuyaangalia, ataona mambo matatu yakifuatana. Kwanza, maji yakiwa yamepata joto la kuweza kutia kidole kwa shida, huonekana viputo vidogo vimeganda chini na ubavuni mwa sufuria kama shanga. Baadhi yao hupanda juu na kupasuka. Hiyo ni ile hewa iliyoyeyuka; tumekwisha kusema kwamba maji ya moto hayawezi kuishika. Maji hayajachemka hata kidogo, wala hayajakaribia. Vijidudu vingi vya maradhi hubaki hai wakati huo.

Pili, joto likizidi, husikika sauti ya kuvuma chini ya sufuria, ambayo wazee wetu husema maji yaimba. Hapo viputo vikubwa kidogo hufanyika chini lakini havifiki juu, hupotea njiani. Hivi si hewa tena, bali ni mvuke, nao ukiingia katika maji ya juu ambayo bado hayajapata joto la kutosha hurudi kuwa maji, na kuanguka huko kwa viputo ndiko kunakoleta ule mvumo. Hapa pia maji hayajachemka.

Tatu, sauti hupungua, na viputo vikubwa hutoka chini, hufika juu na kupasuka bila kukoma. Uso wote wa maji huruka na kugeuka-geuka, hata ukiyakoroga hayatulii. Huko ndiko kuchemka. Kwetu pwani, usawa wa bahari, ni joto la nyuzi 100. Yaache katika hali hiyo dakika moja nzima, uyaepue, uyafunike. Haina haja ya kuyachemsha nusu saa na kumaliza makaa. Lakini dakika hiyo moja isipunguzwe.

Basi Bi Mkubwa aliona mapovu kwa macho yake mawili, wala hakusema uongo. Ila aliona shanga za kwanza. Makaa ni ghali, wajukuu wana kiu, na sufuria ilikuwa imeonyesha viputo; ni nani asingeepua?

Na maji ya kisima chake, je? Mimi si tabibu, wala siwezi kuapa kwamba mtoto aliugua kwa ajili ya maji hayo. Lakini najua haya. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe na mchanga, yenye nyufa na matundu, na maji hupita humo upesi bila kuchujwa vema. Vyoo vya shimo vimechimbwa karibu na visima, kwa kuwa viwanja ni vidogo na watu ni wengi. Wataalamu waliopima visima vya Kisauni katika miaka ya 2000 walikuta humo vijidudu vitokavyo katika kinyesi. Vijidudu hivyo haviyatii maji weupe. Vyaweza kuwamo kwa maelfu katika bilauri moja, na bado ukausoma mwandiko wa gazeti kupitia kwayo.

Wala si sisi tu tuliodanganywa na uangavu. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa wa Soho, mjini London. Daktari John Snow alifuata nyayo za maradhi hayo mpaka penye bomba la kisima lililokuwa katika barabara ya Broad Street. Maji ya bomba lile yalipendwa. Kulikuwa na mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na pale, akawa ameyazoea maji hayo hata akaletewa chupa yake kila siku. Akafa kwa kipindupindu, hali huko Hampstead alikokaa hapakuwa na ugonjwa. Halmashauri ilikubali kuuondoa mpini wa bomba. Baadaye ilionekana kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa likivuja ndani ya kisima kile. Niliposoma habari hiyo nilitoka nje nikapima kwa hatua nafasi iliyopo baina ya kisima chetu na choo cha nyumba ya pili. Nilipata hatua kumi na nne.

Wako watu wanaojua kuchemsha ipasavyo, lakini hawataki. Husema maji yaliyochemshwa yamepooza, hayana ladha, ni kama kunywa maji ya kuoshea vyombo. Malalamiko hayo ni ya kweli, na sababu yake ni ile ile hewa. Kuchemsha huifukuza karibu yote, na ulimi wetu umezoea maji yenye hewa. Kuirudisha ni rahisi: maji yakiisha kupoa, yamimine kutoka chombo kimoja safi hadi chombo kingine safi, kwa juu kidogo, mara saba au nane, kama wauza kahawa wa mjini wanavyomimina. Au uyaache usiku mzima katika mtungi wa udongo uliofunikwa kwa kitambaa; yatapoa na kuivuta hewa yenyewe. Sharti ni vyombo viwe vimeoshwa, na kata ya kutekea iwe na mkono mrefu, ili vidole vya watoto visirudishe kile tulichokwisha kukiua kwa moto. Wafugao samaki wadogo katika vioo nao wajue kwamba maji yaliyochemshwa yakapoa bila kumiminwa-miminwa humfisha samaki kwa kukosa pumzi.

Barua mbili zimeniuliza juu ya barafu. Wauza barafu wanataka kujua kwa nini kipande huwa kiangavu kandoni na cheupe katikati. Maji yakiganda huitema hewa. Ganda la nje hutangulia, na hewa hufukuzwa kuelekea ndani mpaka inakosa mlango, ndipo inafungiwa humo kwa viputo. Ukitaka barafu angavu, chemsha maji, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, uyagandishe yangali hayajavuta hewa tena. Na ukiweza, yaweke ndani ya kasha la povu gumu lililo wazi juu, ili yagande kwa upande mmoja tu, ukaitoe barafu kabla chini hakujaganda. Mvuvi anayehifadhi samaki wake asijisumbue. Barafu nyeupe hupoza samaki vizuri.

Jambo la mwisho ni mashine za kuvutia maji. Siku hizi nyumba nyingi za hapa kwetu zina pampu ndogo ya umeme juu ya kisima, na malalamiko ni mamoja: inanguruma lakini haileti maji, au inaleta maji yaliyochanganyika na hewa. Pampu inayokaa juu ya ardhi haiyavuti maji kama mtu avutavyo kamba. Hupunguza hewa ndani ya bomba, na hewa ya nje, kwa uzito wake, huyasukuma maji kupanda. Torricelli wa Italia aliyaeleza haya katika miaka ya 1640. Uzito huo hauwezi kuyapandisha maji zaidi ya mita 10 hivi, na kwa mashine zetu za kawaida hesabu mita 7. Kisima kikizidi hapo, pampu yapasa kushushwa chini, si kubadilishwa kwa nyingine kubwa kama mafundi wengine wanavyowashauri watu.

Ikiwa kina si tatizo, tafuta tundu. Tundu la upande wa kuvutia lina hila, kwa maana halidondoshi maji nje. Hunyonya hewa ndani, na mwenye nyumba hupita juu yake kila siku asilione. Washa pampu, chukua povu zito la sabuni, upake kila kiungo cha bomba kutoka kisimani hadi kwenye mashine. Mahali povu linapofyonzwa ndipo penye tundu. Kifungue kiungo, kisafishe, ukizungushie tepu nyeupe ya mafundi, ukikaze. Halafu zima mashine, fungua kizibo kilicho juu ya pampu, mimina maji taratibu mpaka viputo viishe kupanda, ufunge. Maji yakishuka kila unapoyajaza, vali ya chini kabisa ya bomba, ile iliyomo ndani ya maji, imeshikwa na taka au imechakaa. Angalia pia wakati wa kiangazi: kisima kikipungua na mdomo wa bomba ukawa karibu na uso wa maji, utavuta hewa hata kama viungo vyote ni vizima.

Jumamosi iliyopita maji yalirudi tena, meupe kama kawaida yake. Nilikwenda kwa Bi Mkubwa na bilauri ya kioo, tukaiweka juu ya kibao cha mbuzi, naye mjukuu, ambaye sasa ana nguvu za kutosha kutuvunjia bilauri hiyo, akapiga magoti kutazama chini. "Bibi, kunatakata!" akapiga kelele. Bi Mkubwa aliinama, akatazama mpaka weupe wote ulipokwisha kupanda, kisha akanigeukia.

"Basi siku ile niliunywesha mpapai mitungi mitatu ya maji mazuri?"

"Naam, Bi Mkubwa."

"Nawe ulikuwa wajua, ukanipitia mbio?"

Sikuwa na jibu. Alikwenda jikoni akapuliza makaa, akaketi kwenye kigoda mbele ya sufuria, na shanga za kwanza zilipotokea akamzuia mjukuu mkono asiepue.